Tulifungiwa Kwenye Foire ya Muziki, Jeneza Linatungoja

Umewahi kukatazwa kugusa kitu chako mwenyewe?

Mimi nilikatazwa. Hapa Bunia, mchana kweupe, mbele ya watu.

"Mama, usiguse. Hiyo iko ya kuonyesha tu."

Aliyesema hivyo alikuwa mlinzi mwenye beji shingoni. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea tarumbeta moja iliyolazwa juu ya kitambaa chekundu, nyuma ya kamba. Ilikuwa imesuguliwa hadi inang'aa. Pembeni waliweka kikaratasi: "Nouveauté." Yaani kitu kipya, ndiyo kwanza kimefika.

Tarumbeta hiyo mpya ilikuwa na mbonyeo karibu na mdomo. Mbonyeo ule niliutia mimi, siku pikipiki ilipotuangusha kwenye mteremko wa Mudzipela.

Ilikuwa tarumbeta yangu.

Na wakati ule ninapoambiwa nisiiguse, kule mtaani kwetu Bigo watu walikuwa wanajiandaa kutoa jeneza nyumbani, huku wanageuza shingo barabarani kutazama kama tumefika.

Acheni nianze mwanzo, ndipo mtanielewa.

Naitwa Françoise. Nakaa Bigo. Nashona nguo, na watu wakifiwa napiga tarumbeta.

Msicheke. Ndiyo kazi ya fanfare yetu, bendi yetu ya matarumbeta na ngoma. Harusi tunapiga, sikukuu ya kanisa tunapiga, lakini kwa miaka hii tuliyopitia Ituri, mazishi ndiyo yametuita zaidi. Kuna majuma nilirudi nyumbani midomo imevimba, siwezi hata kunywa chai ya moto.

Anayefanya fanfare iwe fanfare ni mpiga ngoma kubwa. Kwetu alikuwa Papa Floribert.

Alikuwa mtu mfupi. Akishaivaa ile ngoma kifuani, ukimwona toka mbali unasema ngoma inatembea peke yake. Watu walimpenda kwa jambo moja. Ukimwita kwenye msiba haulizi kabila, haulizi kanisa, haulizi mtapika nini. Anavaa shati lake jeupe, anakuja. Alizika watu waliokimbia vita vya Djugu wakafia hapa mjini bila ndugu hata mmoja. Nyuma ya jeneza wanakuwa wabebaji na siye wa fanfare, basi.

Siku moja akaamka vizuri, akaomba chai, akaegemea ukuta wa jikoni. Mke wake, Mama Pétronille, aliporudi na kikombe, mzee alikuwa ameshakwenda.

Tulikusanyika matanga. Jioni tukapiga uani, kama inavyotakiwa. Ngoma akaichukua Plamedi, mwendesha pikipiki wetu, ambaye siku zote hupiga ile ndogo.

Katikati ya wimbo ngozi ya upande mmoja ikapasuka. Paa. Mpasuko toka ukingo hadi ukingo.

Plamedi akabaki na kirungu mkononi kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Mama Pétronille akasema taratibu, "Imekatala mukono ya mutu mwingine."

Kisha akanigeukia mimi. "Françoise, mutafute ngozi. Miye sitamuzika ule mutu bila ngoma yake."

Sasa, Bunia hii ngozi ya ngoma ya fanfare utaipata wapi? Madukani kuna gitaa za plastiki, kuna vinanda vya watoto, kuna spika za kutikisa baa. Ngozi ya ukubwa ule hakuna. Kesho yake tuliuliza kila mahali, hadi jioni.

Na ndipo gari la matangazo likapita.

Lilikuwa limezunguka mitaa juma zima, ila nilikuwa silisikilizi. Jioni ile nikalisikiliza.

"Foire kubwa ya vyombo vya muziki. Ituri nzima haijaona. Guitare, piano, batterie, vyombo vyote vya fanfare, ngozi, kamba, micro. Mwanamuziki ukija na chombo chako unaingia bure, na mafundi wetu wanakitengeneza bure."

Plamedi akanitazama. Mimi nikamtazama Yaya Jeannine, dada yetu mkubwa anayepiga trombone.

"Mungu ametusikia," Yaya Jeannine akasema.

Mazishi yalikuwa kesho yake, saa nane mchana. Foire, yaani maonyesho hayo, ilikuwa inafunguliwa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Tukapanga: tunaingia mapema, ngozi inabadilishwa, tunarudi Bigo kabla jeneza halijatoka.

Asubuhi Mama Pétronille alitutolea ngoma yeye mwenyewe. Alikuwa ameipangusa vumbi kwa kitenge chake cha msiba.

"Murudi nayo," akasema.

Basi.

Foire ilikuwa ndani ya uwanja mkubwa wenye hangar ya bati, zamani depo ya mifuko ya saruji. Ukuta mrefu pande zote, juu yake vipande vya chupa. Mlango mmoja tu, wa chuma.

Na watu walikuja, ndugu zangu. Kwaya nzima zenye sare. Bendi za baa. Kulikuwa na jamaa mmoja mwenye kofia ya mgodini, anaitwa Destin, ametoka Nizi na orkestra ya wachimba dhahabu. Ana gitaa la besi mgongoni limefungwa kwenye gunia la mchele.

"Weye unatafuta nini?" nikamuuliza kwenye foleni.

"Kamba tu, Yaya. Yangu nilifunga na waya ya frein ya velo." Akacheka. "Inalia, lakini inalia kama mutu iko na meno inauma."

Mlangoni walikuwa wameweka meza. Warembo wenye fulana za foire walipokea vyombo, pamoja na ngoma, tarumbeta yangu na trombone ya Yaya Jeannine, wakabandika juu yake kibandiko kikubwa cha rangi ya machungwa chenye nembo ya foire.

"Acha hapa, mama. Fundi anaichukua. Weye ingia uangalie."

Nikauliza, "Ngoma hii ina haraka, tuna maziko. Fundi iko wapi?"

"Iko ndani. Ingia tu, mama."

Tukaingia.

Nitasema nini juu ya foire ile? Nilikuwa nimeiona kichwani usiku kucha. Safu za tarumbeta. Ngoma zimepangana kama sufuria sokoni.

Nilichokuta ni picha.

Mabango makubwa yenye picha za magitaa, yametundikwa ukutani. Meza ndefu zimefunikwa vitambaa, juu yake makatoni yenye picha za vinanda. Plamedi akainua katoni moja kwa kidole. Likainuka lote, jepesi kama mkate.

"Yaya, hii iko upepo," akasema.

Kulikuwa na kinanda kimoja cha kweli. Hakikuwa na umeme. Watu walijipanga kubonyeza vitufe vilivyokuwa kimya, kisha wanapisha wenzao. Mbele kidogo walikuwa wanauza soda, fulana na bendera ndogo.

Destin alisimama chini ya bango la gitaa, mikono kiunoni.

"Nimetoka Nizi," akasema. "Juu ya kununua kamba. Naona wamenipa photo ya kamba."

Mwanzoni tulicheka. Wanamuziki tunapenda kucheka. Mkubwa mmoja wa kwaya akajifanya kupuliza saksofoni ya kwenye bango, watu wakampigia makofi.

Lakini hangar ile ilikuwa ya bati, na jua lilikuwa linapanda. Kicheko kikapungua. Watu wakaanza kuulizana: mafundi wako wapi? Vyombo vyetu viko wapi?

Ndipo wakavuta pazia.

Mwisho wa hangar kulikuwa na jukwaa tusilolijali, limefunikwa. Pazia lilipoondoka, watu wote walisema "aaa" kwa pamoja, kwa sababu pale sasa palikuwa na vyombo. Vyombo vingi, vya kweli, vinang'aa chini ya taa.

Ile "aaa" ilikatika upesi.

"Lakini ile iko accordéon ya paroisse yetu," mama mmoja akasema.

"Ile njo batterie yangu, ngoma zangu zote," mwingine akasema.

Destin alisogea hadi kwenye kamba. Alikuwa anaangalia gitaa lake la besi limetolewa guniani, limesimamishwa kwenye stendi, na waya wake wa breki ya baiskeli unameremeta kama fedha.

Na ngoma ya Papa Floribert iliwekwa katikati kabisa, juu ya boksi refu. Upande uliopasuka waliuelekeza ukutani. Upande mzima ndio ulitazama watu.

Hakukuwa na fundi. Hawakuwa na hata ngozi moja. Vyombo vya foire vilikuwa siye wenyewe.

Hapo ndipo nilipoisogelea tarumbeta yangu, na mlinzi akaniambia nisiguse.

"Hii iko yangu," nikamwambia.

"Batu yote banasema vile, mama."

"Niitie mukubwa yako."

Mkubwa akaja. Anaitwa Prince. Koti jeusi, kiatu cha ncha, jasho limemlowesha kola. Wengine walisema ametoka Kampala, wengine Kinshasa. Alikuwa na sauti ya upole, ile ya watu waliozoea kuomba radhi kabla ya kukuumiza.

"Mama, bakubwa ba serikali bako njiani kuja kutembelea. Na télévision. Bakishapita tu, kila mutu atachukua kitu yake. Saa moja hivi."

"Papa, siye tuko na maiti. Saa nane inatoka nyumbani."

"Pole sana, mama. Pole kabisa. Saa moja tu."

Yaya Jeannine si mtu wa maneno mengi. Aliinua kamba apite chini yake. Walinzi watatu wakamzunguka. Hawakumpiga, hapana. Walimsukuma tu kwa vifua, polepole, kama unavyorudisha ng'ombe zizini.

"Tuende mulangoni," nikasema. "Tutatafuta police."

Polisi alikuwepo. Alikuwa nje ya mlango wa chuma, na mlango ulikuwa umefungwa.

Nikachungulia kwenye tundu. "Chef, utufungulie."

"Hapana, mama. Nilipewa ordre. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, mpaka bakubwa bapite. Iko mambo ya sécurité."

"Tuna maiti, Chef."

Nilimwona jicho moja tu. "Batu yote iko na kitu, mama. Yule pale anasema mutoto iko mugonjwa. Ule mwingine anasema pikipiki yake itaibiwa. Nitafungulia nani?"

Nikageuka kuwatazama wenzangu.

Fikirieni. Mbele yako mlango wa chuma. Nyuma yako hangar ya bati inayochemka. Hata wangefungua, ungetoka vipi na mikono mitupu, uende makaburini kumwambia mjane kwamba ngoma aliyoipangusa kwa kitenge chake umeiacha kwenye maonyesho? Kubaki hatuwezi, kuondoka hatuwezi.

Saa moja ya Prince ikapita. Ikaja nyingine.

Watu walikaa chini, migongo ukutani. Maji ya kuuzwa yakaisha. Kwaya moja ilijaribu kuimba ikaacha. Destin alikuwa amevua kofia ya mgodini anajipepea nayo.

"Kule chini ya shimo iko joto," akaniambia. "Lakini kule najua niko natafuta nini."

Simu yangu ikalia. Mama Pétronille.

"Muko wapi?"

"Tuko tunakuja, Mama."

"Ngozi mulipata?"

"Tuko tunakuja," nikarudia.

Alipopiga tena sauti yake ilikuwa nje, kwenye upepo. Nyuma yake nilisikia akina mama wanaimba, na nilijua kwa jinsi sauti zinavyoruka kwamba wanatembea. Jeneza lilikuwa njiani.

"Françoise," akasema, "nitabaambia batembee polepole."

Simu ikakatika. Plamedi aliweka kichwa katikati ya magoti, hakukiinua.

Nilikwenda kumtafuta Prince. Nilikuwa nimekusudia kumshika koti mbele ya watu. Nikamkuta nyuma ya makatoni, ameketi juu ya kreti la soda, simu sikioni, haongei. Aliponiona aliishusha.

"Camion ilikwama njiani," akasema kabla sijauliza. "Vyombo yote iko ndani ya camion. Njia ilifungwa. Bakubwa nilishabaalika, télévision nilishaiita. Ningefanya je, mama?"

"Ungetuambia."

"Mungeleta vyombo?"

Nilimwangalia. Naye alikuwa amefungiwa, kwa namna yake. Lakini funguo za kwake alikuwa nazo mfukoni, sisi hatukuwa nazo.

Nje honi zikalia. Bakubwa wamefika.

Mlango ulifunguliwa kwa ajili yao ukafungwa tena nyuma yao. Waliingia taratibu, wenye suti, wenye sare, na mpiga picha mmoja anayetembea kinyumenyume mbele yao. Prince akageuka mtu mwingine. Anaonyesha, anatabasamu, anasema "acoustique", anasema "qualité".

Mzee mmoja kati yao, mwenye fimbo, ndiye aliyeonekana kuwa mkubwa wao wote. Akasimama mbele ya meza yenye kitambaa chekundu, palipolazwa tarumbeta yangu.

"Inalia?" akauliza.

Prince akacheka. "Excellence, inalia sana."

"Basi mutu aipige, nisikie."

Prince aligeuza macho huku na huku. Walinzi wake hawajui kupuliza hata filimbi. Macho yake yakanifikia, na akaja mbio hadi nilipo, akanong'ona.

"Mama, niokoe. Piga kitu moja ya furaha. Moja tu."

"Na mulango?"

"Bakishapita, utafunguka."

"Nataka watu wangu wawili," nikasema. "Trombone, na ngoma kubwa."

"Chukua. Lakini ya furaha, mama."

Walinzi waliinua kamba. Yaya Jeannine akachukua trombone yake. Plamedi akapanda jukwaani, akaishusha ngoma, akaivaa kifuani. Aliigeuza, mpasuko ukaelekea kushoto, apige kwa mkono wa kulia peke yake.

Nikaishika tarumbeta yangu. Ilinuka dawa ya kusugulia.

Nawaambia ukweli: nilitaka kupiga ile ya furaha. Nilikuwa nimeichagua kichwani, ile ya kutolea bibi harusi kanisani. Niliogopa wale watu, niliogopa mlango. Nikajaza pumzi.

Kilichotoka ni wimbo wa kusindikiza.

Kila mtu Bunia anaujua. Ndio tunaopiga jeneza likiondoka nyumbani. Wengi pale ndani waliwahi kutembea nyuma yake, wengine zaidi ya mara moja katika mwezi mmoja.

Yaya Jeannine akaingia chini yangu. Plamedi akaleta ngoma. Pigo moja, kimya, pigo moja. Mkono wa kushoto haukuwa na ngozi ya kupiga, kwa hiyo kila pigo la pili lilikuwa hewa. Hewa ile ilishika kifua kuliko pigo lenyewe.

Prince alikuwa ananifanyia ishara: hapana, hapana. Mimi nilikuwa nimeshashuka jukwaani. Miguu ilikuwa inaelekea mlangoni.

Nikapita karibu na mzee mwenye fimbo. Alivua miwani, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Wenye sare walipomwona wakavua kofia. Hakuna aliyetoa amri yoyote.

Nyuma yangu nikasikia kamba inaanguka. Watu walikuwa wanachukua vyombo vyao. Akodioni ya parokia ikaingia kwenye wimbo, kisha ngoma ndogo, kisha sauti za kwaya. Destin hakuwa na umeme wa kuliza besi, akaibeba mabegani na kuimba.

Tulifika mlangoni. Sikuacha kupiga.

Mlango ukafunguka. Yule polisi alikuwa amesimama wima kando yake, kofia chini ya kwapa. Sasa nilimwona macho yote mawili. Hakunitazama.

Tulitoka.

Pikipiki zilisimama pande zote mbili za barabara, madereva wakazima injini. Mama wa maandazi alifunika beseni lake. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milima, upepo unainua vumbi jekundu, na mpiga picha wa foire alikuwa anatembea kinyumenyume mbele yetu na kamera yake. Nikasema moyoni, angalau huyu ana utu, ametoka kutusindikiza.

Tulitembea haraka. Baadaye tukawa tunakimbia na kupiga.

Hatukuwahi.

Tulipofika makaburini udongo ulikuwa umeshapandishwa. Vijana wa koleo walikuwa wanapangusa mikono. Msalaba wa mbao ulikuwa umesimama, rangi mbichi.

Mama Pétronille aliketi kando, kitenge kichwani. Alitutazama siye watatu, kisha akatazama lile jeshi la watu nyuma yetu, kwaya na orkestra na wachimba dhahabu, wote wanatweta.

"Tulingoja," akasema. "Padri alisema mvua inakuja. Tulingoja tena. Kisha baliteremusha."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikaanza kueleza: camion, pazia, mlango. Akaniwekea kiganja mdomoni.

"Yeye alipigia ngoma maiti ya batu yote," akasema. "Yake tulisikia koleo tu."

Nikainuka, nikaishika tarumbeta.

Tukapiga, hata hivyo. Tulizunguka kaburi, tukapiga mpaka mvua ikashuka, na tukapiga ndani ya mvua, mpaka ngozi ile iliyobaki ikalegea na Plamedi akawa anapiga kitu kisicholia. Mama Pétronille hakuondoka. Lakini hakulia pia, na mimi nilijua kwa nini. Kulia kulikuwa na wakati wake, na wakati ule tulikuwa tumefungiwa kwenye hangar.

Mnafikiri yameishia hapo. Mimi pia nilifikiri.

Siku chache baadaye mteja aliyeleta kitambaa cha kushona alinipiga bega. "Mama Françoise, nilikuona. Munacheza vizuri."

"Wapi?"

Akanionyesha video kwenye simu, imetoka kwenye ukurasa wa foire.

Ni siye. Tunatoka kwenye mlango wa chuma, mimi mbele, mashavu yamejaa. Kwenye kila chombo kile kibandiko cha machungwa, hakuna aliyekumbuka kukibandua. Watu wamevua kofia kando ya barabara. Juu yake maandishi makubwa: "Foire ya muziki yatikisa Bunia. Mji mzima waingia barabarani."

Na wimbo wa kusindikiza haukuwepo. Walikuwa wameuondoa, wakaweka rumba ya kuchezea baa. Sisi tunakimbiza jeneza, na wao wametuwekea rumba. Ukitazama unasema watu wale wana furaha ya kufa mtu.

Video inaishia kabla ya makaburi.

Ilienda kila mahali. Watu wa Kisangani, wa Goma, wa ughaibuni, wote wanaandika: hongereni Bunia. Kila anayekutana nami ananipongeza. Nikieleza, wanasema, "Lakini mulipendeza."

Nilipata namba ya Prince. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Mama Françoise," akasema kwa ule upole wake. "Kama familia ya marehemu inasema niitoe, leo hii naitoa. Baniambie tu bao wenyewe."

Nilikwenda kwa Mama Pétronille mbio, nimefurahi kidogo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimkuta ameketi mlangoni, simu ya binti yake mikononi, ameishika karibu sana na macho.

"Mama, ile video," nikamwambia. "Nilizungumza na ule mutu. Useme tu neno moja, anaitoa."

Hakuinua macho.

"Uiache."

"Mama, ni ya uongo. Waliweka rumba."

"Najua. Sauti naifunga." Akanigeuzia simu nione. Ilikuwa kimya kabisa. Tulikuwa tunatembea humo ndani, bila sauti, vumbi linapanda, Plamedi na ngoma ya mzee kifuani.

"Kule makaburini niliona mumechelewa," akasema. "Njo kitu niko nayo ya siku ile. Humu naona muko nakuja. Kila siku naangalia, kila siku muko nakuja kwa ajili yake."

Akasogea kwenye kigoda, akanipa nafasi. Nikaketi. Tukaiangalia pamoja, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Sikumwambia tena habari ya kuitoa.

Ndiyo maana video ile bado iko. Sina njia ya kuiondoa. Kilichobaki ni kuandika hapa, ili ukikutana nayo na mkono wako ukaanza kuandika hongera, ujue unachokitazama: watu wanaokimbilia kaburi, na hawalifikii.

Na wewe mwenye chombo chako, kiwe gitaa, cherehani au kamera. Mtu akikuita uje nacho ili akuonyeshe vya kwake, nenda ukitaka. Lakini aonyeshe vya kwake kwanza, huku chako umekishika mkononi.

Usikiache mlangoni.